Bomba la Kushoto na Lango la Baba

Kwa Ndugu Katibu,
Chama cha Mafundi wa Eksozi na Uchomeleaji.

Jumatano, tarehe ishirini na sita, saa saba mchana.

KUHUSU: KUPOTEA KWA LANGO, NA OMBI LA CHETI CHENYE MUHURI

Ndugu Katibu,

Jumanne ya tarehe nne mwezi huu, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, nilipoteza lango la nyumbani kwetu. Halikuibwa. Lipo pale pale, bati zito la kijivu, upana mita tatu na nusu, komeo kwa ndani. Kilichopotea ni kufunguliwa. Na aliyenipotezea ni mwanachama wako namba thelathini na moja, ambaye watu wote wanamwita Fundi Mikunjo kwa ustadi wake wa kukunja mabomba.

Salamu utazikuta mwisho wa barua. Nimezisogeza huko ili kwanza tumalize kazi.

Mimi ni mfunga pampu za visima. Nilianza na spana mbili, moja ya kuazima, nikitembea kwa miguu. Leo nina wafanyakazi saba na gari moja la kijani la kupanda milima, injini ya silinda nane, linalonifikisha kwenye mashamba ambako hata punda huomba afikiriwe upya. Shule sikukaa sana, lakini kupima najua. Namba zote utakazoziona humu nimezipata mwenyewe kwa utepe, kwa saa au kwa kipimajoto, na daftari ninalo.

Kwa miaka tisa gari hilo lilikuwa na bomba moja la moshi, lililotokea kulia. Bomba likaoza kwa kutu, nikalipeleka gari kwa Fundi Mikunjo nikiwa na nia moja tu: aweke jingine kama lile. Fundi akaingia chini ya gari, akatoka, akajipangusa mikono taratibu, kisha akaniambia kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya: "Bosi, silinda nane zinapumulia tundu moja la pua. Hii ni dhambi." Nikamuuliza dawa. Akasema mabomba mawili. Silinda nne za kulia zitoe moshi kulia, nne za kushoto zitoe kushoto.

Kwa haki naeleza kwamba baadaye aligeuza mawazo. Alipoona upande wa kushoto umekaliwa na tangi la mafuta, alishauri mabomba yote mawili yatokee kulia, sambamba. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia mtu havai viatu viwili mguu mmoja. Akakubali, na huko kukubali ndiko kosa lake la kwanza: fundi anayejua kazi hapaswi kumsikiliza mwenye gari.

Sasa malalamiko yenyewe. Nimeyapanga kwa uzito, tukianza na jepesi.

1. NJIA YA BOMBA. Bomba la kulia sina neno nalo. Linashuka kutoka kwenye injini, linapita kando ya gia boksi, linapanda juu ya ekseli ya nyuma na kutokea nyuma ya tairi, kama mtu anayejua kwao. La kushoto limetembezwa. Linakutana na tangi, linaogopa, linakimbilia katikati, linajipenyeza kati ya tangi na shafti ya magurudumu ya nyuma, linarudi nje chini ya kiti cha nyuma cha kushoto, linapanda ekseli, linashuka, ndipo linapumua. Nimehesabu mikunjo. Kulia minne, kushoto tisa. Fundi aliniapia kwamba pamoja na safari yote hiyo mabomba yana urefu mmoja, "yanalingana kama macho." Kwa kuwa aliapa, urefu huo sikuupima. Ni kitu pekee chini ya gari lile ambacho sikukipima.

Juu ya ekseli ameacha nafasi ya sentimita tisa, wakati springi zangu zinaruka kumi na moja. Kwa hiyo kwenye kila shimo lenye heshima, gari hujigonga lenyewe kwa chini, ko, kama mgeni anayebisha hodi. Midomo nayo imeshuka. Ule wa zamani ulikuwa sentimita sitini na moja kutoka ardhini. Hii miwili iko thelathini na nne. Wiki iliyopita nilipovuka kijito, mabomba yalitoa mapovu pande zote mbili, na mteja wangu, mama mtu mzima aliyekuwa akinisubiri ng'ambo na ndoo mkononi, alicheka hadi akaigeuza ndoo na kuikalia. Aliniuliza kama gari limekula maharage. Nilifunga pampu.

2. WAFANYAKAZI. Zamani nilikuwa nafika kisimani kimya kimya na kuwakuta watu wangu wamelala kivulini. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu ya uongozi. Sasa wananisikia nikiwa kilomita mbili, kwenye mgongo wa kilima, na wanapata dakika sita. Ndani ya dakika sita mtu anaweza kuamka, kunawa uso, kukaza boliti tatu na kutoa jasho la kweli. Tangu tarehe nne sijamkuta hata mmoja amelala. Pampu iliyokuwa ikichukua siku tatu inachukua mbili. Tafadhali usiione hii kama faida. Nitawarekebisha vipi watu nisiowakuta wakikosea? Msimamizi wao siku hizi ananitazama kwa macho ya mtu asiye na la kuficha, na hayo si macho mazuri kwa msimamizi.

3. SHANGAZI. Nimesema bomba la kushoto linapita chini ya kiti cha nyuma. Bati la kukinga joto Fundi aliahidi kuliweka Jumatatu, bila kutaja Jumatatu ya mwezi gani. Baada ya dakika ishirini za mwendo kiti hicho kinafika nyuzi arobaini na saba. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa haliwezi gari langu. Alikuwa akisema heri apande ngazi ya kuvunjika. Tarehe saba alilazimika kupanda, akakaa kiti hicho, akafika, akagoma kushuka. "Mwanangu," akaniambia, "kiuno kimefunguka." Tangu siku hiyo kila asubuhi namkuta amekaa ndani ya gari na mkoba wake mapajani, anasubiri azungushwe. Anataka dakika arobaini, na anataka njia mbaya, kwa sababu kwenye lami joto halipandi vizuri. Juzi alikuja na rafiki yake. Rafiki naye ana magoti.

4. MBWA WA JIRANI, aliyenibwekea kwa miaka sita, sasa akinisikia huingia ndani. Hapa sina ugomvi. Naandika ili orodha isiwe na pengo.

5. LANGO. Hapa, Ndugu Katibu, naomba kama ulikuwa unasoma huku unakunywa kitu, ukiweke chini.

Baba yangu ana miaka sabini na minane. Kwa miaka arobaini na mmoja aliendesha greda la barabara na kulitengeneza kwa mikono yake. Alikuwa akisikia beringi inayokufa kabla yenyewe haijajua. Alipostaafu, alikaa wiki moja kwenye kochi, siku ya nane akaenda langoni, akatungua ufunguo wa kufuli kwenye msumari, akautundika mkandani. Hakuna aliyempa kazi ile, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Miaka kumi na miwili, mara nne kwa siku: amelifungua lango mara elfu kumi na saba, mia tano na ishirini, nikiacha siku tatu za miaka mirefu.

Macho yamekuwa yakimuaga pole pole. Sasa anaona mwanga na kivuli na, kwa madai yake, mjinga. Lakini lango halikuwahi kumhitaji awe na macho. Kila gari la nyumbani analijua kwa sauti. Nilikuwa nikifika kwenye kona, mita mia moja na tisini kutoka nyumbani, yeye anainuka kitini. Nikifika, lango liko wazi. Katika miaka tisa nimekanyaga breki pale mbele mara mbili tu, na mara moja ilikuwa kwa ajili ya kuku.

Tena nyumbani kwetu hakupigwi honi. Ni sheria yake, na ilikuwepo kabla ya lango: "Mgeni hupiga honi. Mtoto husikika." Dereva wa lori la maji hupiga honi. Mpeleka gesi hupiga honi. Mimi nikipiga honi nitakuwa nimetia sahihi kwamba si wa pale. Najua unataka kuuliza kwa nini nisishuke nikagonga. Kugonga ni honi ya mkono. Na simu? Simu ni honi ya mbali.

Basi tarehe nne nikatoka kwa Fundi Mikunjo na mabomba yangu mawili, nikakata kona, nikafika. Limefungwa. Nikakanyaga breki. Nikakaa. Gari linanguruma, mimi ndani yake, bampa yangu hatua nne kutoka kwenye bati. Dakika nne na sekunde kumi. Kisha komeo likavutwa, na baba akasimama pembeni, uso wake ukielekea nyuma ya gari, si kwangu, kama mtu asiyejua mgeni amekaa upande gani, akasema: "Haya, pita."

Haya, pita. Ndivyo anavyomwambia mtu wa gesi.

Nimerudi nyumbani jioni kumi na tisa tangu hapo, Jumapili nikiziacha. Nimepima zote. Jioni kumi na tatu nilizoacha injini ikinguruma, wastani ni dakika nne na nusu. Jioni sita nilizoizima kwa kuwaonea haya majirani, wastani ni dakika kumi na tatu, na siku hizo lango lilifunguliwa muda mfupi tu baada ya mimi kukata tamaa na kuwasha tena. Tofauti hiyo sioni maana yake; naiandika kwa ukamilifu wa kumbukumbu. Jumla, nimekaa nje ya nyumba niliyoijenga mwenyewe saa mbili, dakika kumi na sita na nusu. Gari langu ndilo pekee duniani linalobisha hodi kwa ekseli, na halijibiwi.

Mezani baba halitaji lango. Anakula, anasikiliza taarifa ya habari, ananiuliza habari za visima. Mimi namwangalia na kuogopa kumuuliza. Mke wangu ananiambia, "Si umuulize tu?" Mke wangu ni mtu jasiri. Mimi nimeingia ndani ya visima vya mita thelathini kwa kamba ya kuazima, lakini swali hilo sijaweza kuingia ndani yake.

Nilikwenda kwa Fundi Mikunjo, nikamweleza. Alinisikiliza huku akichomelea, jambo ambalo si adabu, kisha akainua miwani na kusema: "Mimi natengeneza eksozi, bosi. Masikio yako idara nyingine." Kwa sababu ya jibu hilo ndiyo nimepanda hadi kwako.

6. DADA YANGU MKUBWA. Huyu ni mkuu wa bohari ya dawa, na amezoea kwamba kitu kikipita tarehe yake kinaondolewa kwenye rafu. Tarehe kumi na tano alinikuta nje ya lango, dakika ya tatu. Alishuka, akagonga, lango likafunguliwa papo hapo, akaingia, na kabla hajavua viatu alikuwa tayari na mpango. Lango la umeme. Unabonyeza kitufe ukiwa kwenye kona, linajifungua. Baba apewe kiti kizuri cha ndani, apumzike. "Macho yaliondoka, na masikio yamefuata," alisema. "Mnasubiri nini kingine kiondoke ndipo mumhurumie?" Alisema hivyo sebuleni, kwa sauti ya chini. Baba, aliyekuwa barazani, alikohoa. Kama alisikia, sijui. Na hilo ndilo tatizo lenyewe: hakuna anayejua.

Kikao cha familia ni Jumamosi hii, tarehe ishirini na tisa, saa tatu asubuhi. Mafundi wa umeme wameambiwa waje saa tano. Kati ya saa tatu na saa tano mtu itabidi anyooshe mkono aombe ufunguo ulioko mkandani mwa baba, na kwa kuwa mimi ndiye mwanaume pekee katika watoto, wote wananitazama mimi.

Dada yangu ni mtu wa haki. Nilimweleza kwamba tatizo si masikio, ni mabomba. Akanijibu kwamba hayo ni maneno, na bohari haipokei maneno, inapokea karatasi. Nikamuuliza, karatasi ya nani? Akasema ya mtaalamu, yenye muhuri. Ndiyo maana nakuandikia wewe, si fundi mwingine. Fundi mwingine hana muhuri.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Kwanza, cheti. Nimekiandika tayari ili kukupunguzia kazi: "Sisi viongozi wa Chama, baada ya kuitafakari eksozi iliyofungwa na mwanachama wetu namba thelathini na moja, tunathibitisha kwamba hakuna sikio la binadamu, la umri wowote na la elimu yoyote, linaloweza kujua gari hilo ni gari gani wala limebeba mtoto wa nani." Muhuri uwe ule wa duara. Ule wa mstatili dada yangu hauamini.

Pili, mpaka mabomba yarekebishwe, Fundi Mikunjo asimame kwenye kona yetu kila jioni saa kumi na mbili na dakika tisa, atoe kwa mdomo wake sauti ya gari langu la zamani. Kuitoa anaweza. Aliitoa karakanani kwake kuwachekesha wenzake, na ikafanana kiasi kwamba shangazi, aliyekuwa ndani ya gari, alishika mkoba wake tayari kwa safari. Mimi nitafuata nyuma nimezima injini, nikiteremka. Kutoka kwenye kona hadi langoni ni mteremko. Nimeupima.

Tatu, naomba Chama kitunge kanuni. Mtu akitaka kubadili jina lake hutangaza, husubiri, hupewa hati. Lakini gari linabadilishwa sauti mchana kweupe, watu wanachapa kazi kana kwamba wanabadilisha taa. Kanuni iseme: "Fundi asiguse eksozi ya gari lolote bila idhini ya maandishi ya mtu anayelifungulia gari hilo lango." Kama hakuna anayelifungulia, mwenye gari aeleze kwa nini hakuna, na kikao kimsikilize kwa huruma.

Cheti nakihitaji mkononi Ijumaa tarehe ishirini na nane, kabla ya saa kumi alasiri. Ofisi yako hufungwa saa kumi na nusu. Nimepiga hesabu ya foleni.

Sasa zile salamu. Msalimie mwenyekiti wako, mweka hazina, na yule mama wa mapokezi aliyenionyesha mahali pa kutundika malalamiko nikiwa nimeshayashika mkononi. Wasalimie wachomeleaji wote, wanaovaa miwani na wasiovaa. Fundi Mikunjo naye msalimie. Sina chuki naye, na mkunjo wake wa tano ni mzuri, hilo lazima niseme. Shangazi anakusalimu kutoka ndani ya gari. Rafiki yake pia.

Ni mimi, ninayeiandika barua hii juu ya boneti, nikiwa na adabu zote na bila ufunguo,

Mfunga Pampu, mwenye gari la kijani.

Nyongeza. Ni Jumatano ile ile, saa moja kasoro robo jioni. Bahasha nilikuwa nimeifunga. Nimeifungua kwa mvuke wa birika ili niongeze haya.

Leo nilifika saa kumi na mbili na dakika kumi kama kawaida. Mke wangu alikuwa anaanua nguo karibu na lango. Anasema baba aliinuka kitini nikiwa bado kwenye kona. Akatembea hadi langoni, akafungua kufuli, akashika komeo, akasimama. Hakulivuta. Akaweka kiganja cha mkono wa pili juu ya bati na kuinamisha kichwa. Mke wangu akamwambia, "Baba, mbona humfungulii? Si ni yeye huyo?" Baba akamwambia, "Najua ni yeye. Tulia kwanza, mama. Linaongea."

Mke wangu akatoka kwa mlango mdogo, akaja dirishani kwangu, akanieleza. Sikuzima injini. Nilishuka, nikapita mlango mdogo kwa mguu, nikasimama mbele ya baba, nikamuuliza lile swali. Ndugu Katibu, lilikuwa kisima kifupi kuliko nilivyodhani.

Alisema alinijua tarehe nne, kabla sijamaliza kona. Alisema mtu hamsahau mtoto wake kwa sababu ya kubadilisha viatu. Alisema gari linachechemea, na kwa jioni zote hizo alikuwa anatafuta ni mguu gani. Ilimchukua siku nane kujua ni wa kushoto, na ndiyo maana nikipita alikuwa ameelekeza sikio nyuma. Dakika nne zinamtosha kwa siku, bati la lango likishapata kutetemeka vizuri. "Halafu siku nyingine unalizima katikati ya maneno," akaniambia. "Adabu gani hiyo? Inabidi nisubiri mpaka uwashe."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema sikuuliza. Akasema pia kwamba alitaka kuona nitapiga honi siku ya ngapi, na kwamba jioni ishirini bila honi, pamoja na ya leo, zimempendeza, ingawa hakutegemea kuzitaja. Lile la dada yangu la sebuleni alilisikia. Amelirudia lote, pamoja na pumzi aliyovuta katikati.

Kisha akasema: "Bomba la kushoto limezidi la kulia kwa shubiri moja. Mwambie huyo fundi wako."

Nilichukua utepe, nikaingia chini ya gari na nguo zangu za heshima, nikapima mkunjo kwa mkunjo. Kushoto kumezidi kwa sentimita ishirini na mbili. Nikatoka, nikamshika baba mkono, nikapima shubiri yake, kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Ishirini na mbili.

Kwa hiyo cheti nilichokuandikia hakifai tena. Kukitia muhuri kutakuwa ni uongo. Kanuni nimeiondoa, kwa kuwa anayenifungulia lango ameipa eksozi idhini. Fundi Mikunjo asije kwenye kona. Bomba lisiguswe: baba anasema likikatwa hata kwa unene wa kucha, jioni atakosa la kusikiliza. Bati la joto nalo msiliweke; shangazi amekataa.

Badala yake naomba cheti hiki, muhuri ule ule wa duara, saa ile ile: "Sisi viongozi wa Chama tunathibitisha kwamba mzee wa miaka sabini na minane, akiwa nyuma ya lango la bati, amepima kwa sikio tofauti ambayo mwanachama wetu namba thelathini na moja, akiwa chini ya gari na utepe mkononi, hakuiona." Kama mna shaka, mwenyekiti aje mwenyewe na utepe wake, asimame nje ya lango, mimi nitaunguruma.

Kikao ni Jumamosi saa tatu, na ufunguo bado uko mkandani. Nijibuni kabla ya Ijumaa saa kumi alasiri: masikio ya baba yangu yanafaa kazi, ndiyo au hapana?